Jipsamu: kinachoharibika njiani huonekana ukutani

Dari na kuta za ndani za bodi za jipsamu zimeenea katika miji ya Afrika Mashariki, na bodi hizo sasa ni shehena ya kawaida kwenye malori yanayovuka mipaka. Hata hivyo, huu ni mzigo unaodanganya macho. Bodi iliyolowa ikakauka, au iliyopinda kidogo, inaweza kupita mpakani na kupokelewa dukani bila neno. Atakayeigundua ni fundi, na lawama zitarudi kwa muuzaji na mwenye gari. Mfanyabiashara anayejua jinsi bodi inavyofungwa na kumaliziwa nyumbani atajua pia cha kulinda njiani.

Bodi yenyewe

Ndani ya bodi ni jipsamu, na nje ni karatasi pande zote mbili. Sehemu kubwa ya nguvu yake hutoka kwenye karatasi hiyo. Ikilowa, karatasi hubanduka na jipsamu hulainika. Hata ikikauka, hairudii uimara wa mwanzo.

Kipimo kinachouzwa sana ni mita 1.2 kwa 2.4. Unene wa milimita 9 hutumika zaidi kwenye dari, na milimita 12 kwenye kuta. Kutegemea kiwanda, bodi ya dari huwa na uzito wa karibu kilo 20 na ya ukuta karibu kilo 25. Kwa hiyo bodi 1,000 za ukuta ni kama tani 25. Piga hesabu hiyo kabla ya kufika kwenye mizani.

Kazi ya fundi

Kwanza fundi husimamisha fremu ya mbao au chuma, nguzo zikiachana sentimita 40 hadi 60. Kwenye dari la bodi nyembamba, sentimita 40 ni salama zaidi. Bodi hukatwa karatasi ya mbele kwa kisu, huvunjwa kwa nyuma, kisha karatasi ya nyuma hukatwa. Ukutani huinuliwa kama sentimita moja kutoka sakafuni ili isinyonye maji.

Skrubu hufungwa kila sentimita 20 darini na kila sentimita 30 ukutani. Kichwa chake kizame kidogo bila kupasua karatasi, kwa kuwa karatasi ndiyo inayoshika. Kwenye bodi iliyowahi kulowa, skrubu hupenya moja kwa moja, na dari la namna hiyo linaweza kushuka.

Baada ya hapo huja maungio. Kingo ndefu za bodi hufanywa nyembamba kiwandani ili tepu na unga wa kujazia vipate nafasi. Fundi hupaka mkono wa kwanza na kulaza tepu, hungoja ukauke, kisha hupaka mikono miwili zaidi, kila mmoja mpana kuliko uliotangulia. Mwisho hupiga msasa laini akiwa amevaa barakoa, kisha praima na rangi. Kingo zikiwa zimepondwa na kamba, tepu hutuna, na taa ikiwashwa usiku kila ungio huonekana.

Njiani

• Laza bodi juu ya paleti au vibao vya urefu mmoja, visiachane zaidi ya sentimita 60. Vikiachana sana, bodi za chini hupinda.
• Weka vilinda kona mahali mikanda inapobana.
• Funika kwa turubai lisilo na tundu, juu na pembeni. Safari ya Dar es Salaam hadi Kigali ni karibu kilomita 1,500. Katika masika, Machi hadi Mei, mvua hazikwepeki.
• Wakati wa kushusha, watu wawili wabebe bodi ikiwa imesimama kwa ukingo. Ikibebwa bapa huvunjika katikati.
• Unga wa kujazia ukae pakavu, na tarehe ya mfuko isomwe. Uliovuta unyevu haugandi sawasawa.

Mpakani na ghalani

Katika mfumo wa forodha, bodi iliyofunikwa kwa karatasi tu huingia chini ya namba 6809.11. Skrubu ziko kwenye 7318, na unga una kifungu chake, hivyo orodha ya mzigo itenganishe kila bidhaa. Kwa bodi zilizotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, beba cheti cha uasilia. Bila cheti hicho unaweza kutozwa ushuru kama wa mzigo wa nje.

Mpokeaji akague kabla ya kutia sahihi: madoa ya maji, kona zilizovunjika, karatasi inayobanduka kwa kucha. Kasoro ziandikwe kwenye hati ya makabidhiano, dereva akiwepo. Bodi mbovu ikikataliwa ghalani, hasara ni ya bodi moja. Ikifika darini, mwenye nyumba atadai bodi, rangi na siku za fundi.