Kufuga matumbawe sebuleni: kazi yote iko kwenye maji

Mtu wa Mombasa au Dar es Salaam akipata wazo la kuweka matumbawe hai sebuleni, hesabu yake ya kwanza huwa nyepesi. Bahari si ile pale? Unabeba madumu, unachota maji, siku ya bamvua unaokota jiwe lenye rangi, unanunua tangi la kioo, mambo kwisha. Wenye shida ni watu wa Berlin na Chicago, wasioiona bahari ya joto mpaka wapande ndege.

Hesabu hiyo ilikuwa na ukweli zamani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Lee Chin Eng wa Jakarta aliwashangaza wafugaji wa samaki kwa kutumia maji ya bahari, mawe yenye viumbe hai na mapovu ya hewa tu, matumbawe yakaishi. Lakini maji yanayochotwa leo kando ya mji mkubwa huja na mafuta ya vyombo na uchafu wa mitaro, na wakati wa masika hupungua chumvi kwa sababu ya mito. Bahari hustahimili hayo kwa ukubwa wake. Lita 200 za tangini hazistahimili. Kwa hiyo ni salama zaidi, hata kwa anayekaa ufukweni, kujitengenezea maji: ya bomba yapitishwe kwenye mashine ya RO, kama ile ya wauza maji ya kunywa, kisha yachanganywe na chumvi maalumu ya akwariamu, karibu gramu 35 kwa lita. Chumvi ya jikoni haifai, kwa kuwa haina kalsiamu wala magnesiamu ambayo matumbawe yanaihitaji.

Maji yakishakaa tangini yanaanza kupungua kwa mvuke. Hapo ndipo wanaoanza wengi huharibu. Wanaona kina kimeshuka vidole viwili, wanajazia maji ya chumvi. Kilichoruka hewani ni maji matupu; chumvi yote imebaki ndani. Ukijazia ya chumvi kila wiki, baada ya muda mfupi una maji ya chumvi kali mno, na matumbawe yamejikunja bila wewe kujua kosa liko wapi. Kinachojaziwa ni maji ya RO yasiyo na chumvi, kila siku, kidogo kidogo. Kifaa cha kupimia chumvi kikae karibu kama miwani ya kusomea.

Wiki za kwanza tangi halina cha kuonyesha wageni. Ni mawe, mchanga na pampu inayonguruma. Ndani yake bakteria wanazaliana: kundi moja linageuza amonia, ambayo ni sumu, kuwa nitriti, kundi jingine linageuza nitriti kuwa nitrati, isiyo kali sana. Kazi hiyo huchukua mwezi au zaidi, na hakuna pesa inayoweza kuifuta. Baadaye huja ukoga wa kahawia juu ya mchanga, kisha utando wa kijani kwenye kioo, na mwenye nyumba hudhani ameharibu kila kitu. Hajaharibu. Aweke konokono wachache wa kulamba kioo na asubiri.

Kwetu huku adui ni joto. Mfugaji wa Ulaya hununua hita. Wa Dar anatafuta ubaridi. Matumbawe mengi hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 27. Ndani ya miili yake huishi mwani mdogo sana, usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga kutengeneza chakula na kuyalisha matumbawe. Maji yakizidi joto kwa muda, matumbawe huutema mwani huo, hubaki meupe, na yasipoupata tena hufa njaa. Ndilo lililoikumba miamba ya Afrika Mashariki mwaka 1998. Tangini jambo hilohilo hutokea kwa sababu ya taa, pampu na dirisha la magharibi. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji huteremsha nyuzi mbili tatu, ila mwezi Machi, hewa ya pwani ikiwa imejaa unyevu, feni nayo huchoka. Hapo inabaki mashine ya kupozea, na bili ya umeme.

Sehemu ninayoipenda mimi ni ya chokaa. Matumbawe magumu hujijengea mifupa kwa kufyonza kalsiamu majini, na kadiri yanavyokua ndivyo yanavyoikausha. Wafugaji hutaka kalsiamu ibaki kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita. Njia ya zamani ya kuirudisha, iliyoenezwa na mfugaji Peter Wilkens, ni maji ya chokaa. Unachukua chokaa safi ya daraja la chakula au maabara, gramu moja na nusu hivi kwa lita ya maji ya RO, unakoroga, unaacha itulie. Chini hubaki unga mweupe. Juu maji maangavu. Hayo ya juu ndiyo yanayodondoshwa tangini tone kwa tone usiku, badala ya maji yaliyoruka kwa mvuke. Usiku, kwa kuwa gizani tangi huongezeka asidi, na chokaa huituliza. Isimwagwe kwa mkupuo, na isiachwe watoto wanapofikia, maana hubabua ngozi.

Sasa fikiria. Mafundi wa Kilwa walichonga matumbawe yaliyotolewa baharini yangali laini, na wakachoma mengine tanurini kupata chokaa ya kuungia kuta. Pwani yetu imejengwa hivyo, misikiti na nyumba. Mfugaji wa leo anairudia safari ileile akitokea upande wa pili: chokaa inarudi majini, inakuwa tumbawe. Asitumie tu ile ya mfuko ya fundi wa rangi, kwani huwa na uchafu mwingi.

Umeme ukikatika, wengi hukimbilia kuhangaikia taa. Taa zinaweza kungoja; matumbawe huvumilia siku moja au mbili za giza. Yasichovumilia, pamoja na samaki, ni maji kusimama. Oksijeni huisha kwa saa chache, hasa usiku. Betri na inveta ziwekwe kwa ajili ya pampu, na pampu ndogo ya hewa ya betri isikose kabatini. Uzito nao usisahauliwe: tangi la lita 200 pamoja na mawe hupita kilo 250, kwa hiyo meza ya televisheni haifai.

Na lile jiwe la kuokota wakati wa bamvua? Liache lilipo. Matumbawe magumu yote yamo kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, na kuyavusha mpaka bila kibali ni kosa. Haja ya kuyang'oa imepungua pia. Tawi likikatwa kwa koleo na kubandikwa kwenye kijiwe kwa gundi ya super glue, linakuwa tumbawe jipya. Dietrich Stüber wa Berlin alikuza tumbawe moja la matawi ambalo vipande vyake viligawiwa kwa wafugaji wa nchi nyingi. Ukipanda vyako, viache nafasi: usiku aina nyingine hutoa nyuzi ndefu za kuchoma jirani, na asubuhi utakuta doa jeupe.

Ukisafiri, tatizo halitakuwa njaa. Litakuwa huruma ya anayebaki nyumbani, ambaye akiona samaki wanamfuata kiooni huwaongeza chakula, na chakula kilichooza huzaa amonia. Mpimie chakula kwenye vikopo vidogo, kikopo kimoja kwa siku, andika siku juu ya kila kimoja, kisha lile kopo kubwa la chakula nenda nalo.