Jino la utoto si la kupuuzwa

Wazazi wengi hudhani kwamba jino la mtoto likioza si hoja, kwa kuwa litang'oka na kuota jingine. Dhana hiyo ni potofu.

Meno ya utoto ni 20. La kwanza huota mtoto akiwa na miezi sita hivi, na afikapo miaka mitatu yote huwa yameota. Mbali na kutafuna, meno haya huyawekea nafasi yale ya kudumu. Yakitolewa mapema, ya kudumu huweza kuota yakiwa yamebanana au kupinda.

Mtoto akifika umri wa miaka sita, mzazi awe macho zaidi. Gego la kwanza la kudumu huota nyuma kabisa bila jino lolote kung'oka. Wengi hulidhania la utoto, wakaliacha lioze. Likitoka, halioti tena.

Msugue mtoto meno asubuhi na kabla ya kulala, tangu jino la kwanza. Dawa yenye floraidi iwe kiasi cha punje ya mchele hadi miaka mitatu, kisha punje ya njegere. Msimamie mpaka afike miaka minane hivi.

Asilale na chupa ya chai yenye sukari. Miwa, inayopatikana tele Bungoma, asiitafune kutwa nzima.

Hospitali za rufaa za kaunti mjini Kitale na Bungoma zina kliniki za meno. Mpeleke akaguliwe hata kama halalamiki.