Kuvuka Likoni ni dakika chache, kibali cha gari ndicho kinachopima safari

MKAZI wa Kizingo anayetaka kuendesha gari lake hadi Tanga, Dar es Salaam au Zanzibar hana haja ya kwenda mbali ili kuanza safari. Akiifuata barabara ya Mama Ngina iliyo ukingoni mwa bahari, atafika kwenye kivuko cha Likoni, ambako feri humvusha pamoja na gari lake hadi Pwani ya Kusini.

Mkondo huo una upana wa takriban nusu kilomita, na huduma ya feri hapo ilianza mwaka 1937. Wanaotembea kwa miguu huvuka bila malipo, ilhali magari hutozwa kulingana na ukubwa wake. Kutoka Likoni, barabara hupitia Diani na Msambweni hadi mpakani Lunga Lunga, umbali wa kilomita zipatazo 100.

Wengi huona kwamba kilichobaki baada ya hapo ni kujaza mafuta na kuendesha. Kumbe gari likishavuka mpaka, hadhi yake hubadilika. Machoni pa sheria ya forodha, gari hilo sasa ni mali ya kigeni iliyoruhusiwa kuingia nchini kwa muda, bila kulipiwa ushuru, kwa sharti kwamba litarudi lilikotoka.

Sharti hilo limo katika Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Umoja wa Forodha ulioanza kutekelezwa Januari 2005, na Soko la Pamoja lililofuata Julai 2010, vimerahisisha mambo mengi kwa wananchi wa kanda hii. Hata hivyo, havikuliondolea gari la Mkenya wajibu wa kutangazwa linapoingia Tanzania.

Jambo hili lawagusa sana watu wa Pwani. Ukoo mmoja aghalabu huwa na jamaa Mombasa, Vanga, Tanga na Pemba, na gari hutakikana ghafla panapotokea arusi, ugonjwa au msiba. Ni katika safari hizo za haraka ambapo watu hukumbuka kanzu na sanduku, wakasahau logibuku.

Stakabadhi ya kwanza, basi, ni ile inayothibitisha umiliki wa gari. Jina lililo humo likiwa la dereva mwenyewe, hapana taabu. Gari likiwa la ndugu, rafiki au kampuni, dereva anapaswa kuwa na barua ya mwenye mali inayomruhusu kulitoa nchini, na ni vyema barua hiyo iwe imethibitishwa na wakili. Gari lililonunuliwa kwa mkopo huwa limesajiliwa pia kwa jina la benki, hivyo idhini ya benki nayo huhitajika.

Ya pili ni bima. Bima ya kawaida ya Kenya haitoshi kumlinda dereva katika barabara za Tanzania. Badala yake kuna Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo hutolewa na kampuni za bima za Kenya na kutambuliwa katika nchi zilizo katika mpango huo. Tanzania ilijiondoa COMESA mwaka 2000, lakini imebaki katika mpango wa kadi hiyo.

Yafaa kufahamu mipaka ya kadi yenyewe. Inagharamia madai ya watu wengine waliodhuriwa na gari kwa mujibu wa sheria za nchi ambamo ajali imetokea. Hailipi matengenezo ya gari la msafiri. Mwenye bima kubwa anapaswa kuiomba kampuni yake, kabla ya kuondoka, iipanue bima hiyo hadi Tanzania. La sivyo, gari likipinduka karibu na Segera, hasara ni yake.

Ya tatu ni hati za dereva na abiria wake. Mbali na leseni ya udereva, Mkenya anayeingia Tanzania huhitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Kitambulisho cha taifa, ambacho Mkenya huweza kukitumia kuingia Uganda na Rwanda, hakitoshi huku. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano nacho kiwe karibu, kwani maafisa wa afya wanaweza kukiuliza.

Kabla ya hayo yote kukaguliwa, kuna usalama wa feri yenyewe. Mnamo Septemba 29, 2019, gari lililokuwa ndani ya feri ya MV Harambee liliteleza kinyumenyume na kutumbukia katika mkondo wa Likoni likiwa na mama na bintiye. Miili yao ilipatikana Oktoba 11. Jirani ya hapo, katika kivuko cha Mtongwe, watu 272 waliangamia Aprili 29, 1994 feri ilipozama.

Kutokana na mkasa huo wa gari, madereva wana la kujifunza. Gari likishaingia ndani ya feri, injini izimwe, breki ya mkono ivutwe na gia iachwe imeingizwa. Abiria washuke na kusimama mahali walipoelekezwa. Anayelazimika kubaki ndani ya gari, afungue dirisha na asijifunge mkanda.

Asiyetaka kuvuka kwa feri ana njia nyingine. Barabara ya Dongo Kundu, ambayo sehemu zake za mwisho zilianza kutumika mwaka 2024, inaunganisha Miritini na Pwani ya Kusini bila kugusa Likoni. Humfaa zaidi anayetoka bara. Kwa mtu wa Kizingo, mzunguko ni mrefu, na feri ingali ndiyo njia ya karibu.

Mpakani, kituo cha Lunga Lunga na kile cha Horohoro huendeshwa kwa utaratibu wa huduma za pamoja, unaoongozwa na sheria ya Jumuiya ya mwaka 2016. Msafiri hasimami mara mbili. Anayetoka Kenya huenda moja kwa moja upande wa Tanzania, akahudumiwa na maafisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Anaporudi, mambo hayo hufanyika upande wa Kenya.

Hapo ndipo forodha humpa kibali cha kuingiza gari kwa muda. Karatasi hiyo huonyesha nambari ya usajili, nambari za chesisi na injini, na tarehe ambayo gari linapaswa kuwa limeondoka. Dereva aisome akiwa bado kaunta na kuilinganisha na logibuku. Kosa la herufi moja husahihishwa kwa urahisi siku hiyo. Likigunduliwa wakati wa kurudi, huzua maswali.

Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kilomita 65 za lami, na kutoka Tanga hadi Dar es Salaam ni takriban kilomita 350. Nchi zote mbili huendesha upande wa kushoto. Askari wa usalama barabarani wa Tanzania huwa wakali kuhusu kikomo cha kilomita 50 kwa saa katika maeneo yenye makazi, na hukagua kama gari lina pembetatu za tahadhari na kizimamoto.

Kwa anayekusudia kwenda Zanzibar, ni Dar es Salaam ambako gari hupakiwa tena melini, kwa kuwa hakuna feri ya ratiba ya kubeba magari kutoka Mombasa moja kwa moja hadi Unguja. Miongoni mwa vyombo vinavyobeba magari na abiria kati ya Dar es Salaam, Unguja na Pemba ni vile vya Azam Sealink.

Safari hii ni ya bahari kuu, na haifanani na ile ya Likoni. MV Spice Islander I ilipozama Septemba 10, 2011 ikitoka Unguja kwenda Pemba, ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na zaidi ya 200 walipoteza maisha. Abiria anayeona chombo kimejaa kupita kiasi ana haki ya kukataa kupanda, hata kama gari lake limekwisha kupangiwa nafasi.

Zanzibar nayo ina mambo yake. Ingawa ni sehemu ya Jamhuri ya Muungano, ina mamlaka yake ya mapato na daftari lake la magari, ambayo nambari zake huanza kwa herufi Z. Mgeni asidhani kwamba karatasi za Horohoro zimemaliza kila kitu. Aulize kwa wakala wa meli na kwa maafisa wa forodha bandarini Dar es Salaam kabla ya kukata tiketi ya gari. Kwa ziara ya siku mbili tatu, huenda ikawa nafuu kuliacha gari Dar es Salaam mahali salama, kisha kuvuka kwa boti ya abiria kwa muda wa saa mbili hivi.

Tatizo kubwa zaidi hujitokeza gari lisiporudi kwa wakati. Gari likiharibika au likipata ajali, mwenye kibali anapaswa kuwaarifu maafisa wa forodha na kuomba nyongeza ya muda kabla ya tarehe kupita. Kulikabidhi kwa jamaa wa Tanga alitumie, au kumuuzia kimyakimya pasipo kulipa ushuru, ni kuvunja sheria, na gari lenyewe laweza kutaifishwa.

Vilevile, mtu asipite mpakani wakati wa kurudi bila kuhakikisha kwamba kibali kimefungwa rasmi na kumbukumbu zinaonyesha gari limetoka. Kibali kilichoachwa wazi huweza kumsumbua safari ijayo, hata kama gari limelala nyumbani Kizingo muda wote huo. Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kwa sheria ya forodha, marejeo hayo yana tarehe, nayo imeandikwa kwenye kibali.