Bibi, mjukuu na maji ya bamvua

Nilikuwa na miaka saba nilipomwomba bibi anipeleke mwambani. Shule zilikuwa zimefungwa, na mimi nilishachukua kikapu na mchokoo wake nikasimama mlangoni. Bibi hakuinuka. "Leo mwezi ngapi, mume wangu?" Sikujua. Akahesabu kwa vidole, akasema: "Mwezi nane. Maji mafu haya. Subiri." Nikanuna wiki nzima.

Siku hizi kazi yangu ni kuisoma bahari, na wazazi huniuliza siku gani inafaa kumpeleka mtoto pwani. Huwajibu kama bibi alivyonijibu mimi, ila naongeza sababu.

Maji ya bahari huvutwa na mwezi na jua. Mwezi ni mdogo lakini uko karibu, kwa hiyo ndio wenye nguvu. Mvuto wa jua haufiki hata nusu ya wake. Mwezi unapoandama na unapopevuka, jua, mwezi na dunia huwa kwenye mstari mmoja na mivuto miwili hujumlika. Hiyo ndiyo bamvua. Unguja, tofauti baina ya maji yaliyojaa na yaliyokauka hufika karibu mita 4. Wiki moja baadaye mwezi huwa nusu, jua likavuta upande wake na mwezi upande wake, na tofauti ile hushuka hadi mita moja na kitu. Hayo ndiyo maji mafu: hayajai sana, wala hayakauki. Mwamba wa pweza hubaki umefunikwa, na mtoto aliyepelekwa siku hiyo ataona maji matupu.

Bahari ni nzito, haiitiki mara moja. Bamvua kali hufika siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kupevuka. Ndiyo maana wanawake wa Jambiani na Paje, wawe wanakwenda kwenye mwani au kwenye pweza, huzitazamia siku za mwezi pili na tatu, kisha kumi na sita na kumi na saba. Bamvua kubwa kuliko zote huangukia karibu na Machi na Septemba.

Na saa je? Hapa pana jambo ninalolipenda kuliko yote. Maji ya bamvua kwetu hukauka saa nne mpaka saa tano asubuhi, mwaka mzima. Kila siku kupwa huchelewa kwa wastani wa dakika 50, kwa sababu mwezi nao huchelewa kiasi hicho kurudi juu yetu. Lakini mwezi unapoandama hupita utosini pamoja na jua, yaani adhuhuri, na bahari yetu hujaa saa nne hivi baada ya hapo. Maji yakijaa saa kumi jioni, lazima yalikuwa makavu saa nne asubuhi. Kwa hiyo bibi hakuhitaji saa ya mkononi. Akishajua mwezi ngapi, ameshajua saa ngapi.

Siku yetu ilipofika alijifunga kibwebwe, akanivisha viatu vya plastiki, tukatoka saa tatu tukiyafuata maji yanavyorudi nyuma. Kwenye vidimbwi alinionyesha kiti cha pweza. Pweza hakikalii, jina tu. Kiweke kiganjani ndani ya maji, kisha kigeuze taratibu: chini kina mamia ya vijiguu laini vinavyotapatapa kutafuta pa kushika. Kirudishe upesi, kwa maana nje ya maji hakidumu. Jiwe ukilifunua, lilaze tena kama ulivyolikuta, kwani chini yake kuna mayai na viumbe ambavyo jua la saa tano huvikausha. Lakini konokono mwenye gamba refu lililochongoka, mfano wa karatasi ya njugu iliyokunjwa, mtoto asimguse hata kama amependeza namna gani. Ana mwiba wenye sumu, na miongoni mwa jamaa zake wapo waliowahi kuua watu.

Pango la pweza tulilitambua kwa makombo yake: magamba ya kaa na kombe yaliyorundikwa mlangoni. Bibi alimpata mmoja. Pango la pili lilikuwa limezibwa kwa mawe kwa ndani, akalipita. "Ana wana huyo." Miaka mingi baadaye, darasani, nilielewa alichokiona. Pweza wetu huishi mwaka mmoja na kidogo tu. Jike hutaga mara moja maishani, hujizibia pangoni, hukaa na mayai bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Ukimtoa mle, umemaliza na mayai yake. Leo viko vijiji vya Unguja na Pemba vinavyofunga sehemu ya mwamba kwa miezi kadhaa ili pweza wakue na kutaga.

Kisha ghafla bibi akasema turudi. Mimi sikuona hata tone lililosogea. Nililia.

Wazazi, hapa naomba mnisikilize vizuri. Maji hujaa kwa muda wa saa sita hivi, lakini hayajai kwa mwendo mmoja. Gawa kimo chote mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza huingia fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, kisha mawili, kisha moja. Kwenye bamvua ya mita 4, saa ya kwanza maji hupanda sentimita 30 na ushei, na mtu hudhani bado ana nafasi. Saa ya tatu hupanda mita nzima, na ya nne mita nyingine. Isitoshe, maji hayaji kwa mbele peke yake. Hupitia mkondo ulio baina ya mwamba na ufukwe, kwa sababu huko ni chini zaidi. Mtoto anaweza kuwa amesimama pakavu kabisa huku njia ya kurudia imeshamfika mtu mzima kiunoni.

Saa za maji kupwa na kujaa zimo kwenye majedwali, na siku hizi ziko hata kwenye simu. Zitazameni. Lakini jedwali halijui mkondo wa nyuma ya mwamba wa kijijini kwenu unapita wapi na unaanza kujaa lini. Bibi anajua, maana ameuvuka tangu akiwa mtoto.

Basi mwezi ukiandama, hesabu siku mbili, mpeleke mtoto kwa bibi yake kabla ya saa tatu asubuhi. Bibi akisema turudi, asiombwe hata dakika tano.