Miche ya Kahawa: Fukuza Sisimizi Kwanza

Mkulima aliyepanda kahawa wakati wa mvua hungojea kwa hamu kuona miche yake ikitoa majani mapya. Lakini pengine baada ya miezi michache huona majani yameingia weusi kama masizi ya jikoni, na sisimizi wakipanda na kushuka katika shina. Mmoja husema, "Sisimizi wanakula kahawa yangu." Mwingine husema, "Huu ni ugonjwa." Yafaa kumjua adui kabla ya kutoa fedha kununua dawa.

Geuza jani, utazame chini yake, hasa kando ya mshipa wa katikati. Ukiona vitu vidogo bapa, vya rangi ya kijani, vimegandama kama magamba ya samaki, hao ndio adui. Ni wadudu, nao huitwa vidugamba. Hufyonza utomvu wa mche na kutoa maji matamu kama asali. Maji hayo yakidondokea majani ya chini, kuvu nyeusi huota juu yake na kuzuia mwanga wa jua. Mti mkubwa huweza kuvumilia. Mche mchanga una majani machache tu. Ukinyonywa sana hudumaa, na pengine hufa.

Sisimizi naye anatafuta nini hapo? Yeye ni kama mchungaji na ng'ombe wake. Hunywa yale maji matamu, na huwafukuza wadudu wanaowinda vidugamba. Wawindaji hao ni rafiki zetu: wale wadudu wa mviringo wenye madoa mgongoni, na nyigu wadogo sana ambao ni vigumu kuwaona. Mchungaji akiondoka, rafiki hao hufanya kazi bila mshahara.

Basi fanya hivi:

1. Kagua miche yako kila juma, ukigeuza majani machache ya kila mche.

2. Palilia vizuri, na ukate vitawi vinavyogusa ardhi. Magugu na vitawi hivyo ni daraja la sisimizi.

3. Tafuta kichuguu cha sisimizi, ukichimbue na kumwagia maji yanayochemka. Angalia maji yasifike kwenye mizizi ya kahawa.

4. Nyunyiza jivu kavu kuzunguka shina. Mvua ikilinyeshea, weka jingine.

5. Vidugamba wakiwa wachache, wasugue kwa kidole au kitambaa chenye maji. Wakiwa wengi, changanya vijiko vidogo viwili vya sabuni laini ya maji katika lita moja ya maji, unyunyize chini ya majani wakati wa jioni. Jaribu kwanza kwa mche mmoja, ungoje siku mbili. Usitumie sabuni kali ya unga, maana huweza kuunguza majani.

Jambo hili la rafiki wa mkulima limekwisha kuthibitishwa hapa Kenya. Katika miaka ya 1920 vidung'ata, wadudu weupe kama unga, walianza kuharibu sana kahawa. Mwaka 1938 nyigu wadogo wanaowaua vidung'ata hao waliletwa kutoka Uganda na kuachiliwa mashambani. Walizaana, na hasara ikapungua sana.

Kwa sababu hiyo, usikimbilie dawa kali. Dawa nyingi za namna hiyo huwaua nyigu upesi, huku vidugamba wengine wakibaki chini ya magamba yao. Kisha huongezeka kuliko mwanzo, maana hakuna wa kuwawinda. Dawa kama dieldrin, iliyosifiwa sana miaka ya 1950, imepigwa marufuku kwa ajili ya madhara yake. Mtu akikuletea chupa isiyo na karatasi ya maelezo, usiinunue.

Ukiwa umefanya hayo yote na miche bado inadhoofika, chukua jani lenye wadudu, umpelekee Bwana Shamba wa sehemu yako alitazame. Atakuambia kama dawa inahitajika, na ni ipi iliyoandikishwa kwa kazi hiyo.