Kabla ya Kulipia Nyaraka za Babu

Anayetaka kujua babu yake alifanya kazi gani enzi za Usumbura, yaani Bujumbura ya ukoloni, huanza, karibu kila mara, kwa kuuliza gharama za Brussels: viza, ndege, malazi, na mtu wa kulipwa aingie kwenye hifadhi za Ubelgiji kwa niaba yake. Hesabu ikifika hapo wengi hukata tamaa, na wapo wanaofikiria kuuza kiwanja. Mimi huwashauri wote waanzie mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, kwa nauli ya basi, maana kwenda Brussels bila jina la mwajiri ni hasara tupu.

Daftari la ubatizo hubaki parokiani. Lakini karatasi za kazi humfuata mwajiri, na mwajiri wa Usumbura mara nyingi alikuwa na makao yake makuu ng'ambo. Chukua baharia wa CFL, kampuni ya Baron Empain iliyoanzishwa 1902, iliyoendesha reli za mashariki ya Kongo pamoja na meli zilizotoka Albertville, yaani Kalemie ya leo, kuja Usumbura na Kigoma. Mjukuu anaweza kupekua daftari zote za Rumonge alikozaliwa baharia huyo asikute hata mstari mmoja, kwa kuwa jina linalotafutwa liliandikwa kwenye orodha ya mishahara ya kampuni.

Kwa hiyo tafuta kwanza mambo matatu: jina la mwajiri, miaka ya kazi, na namba ya matrikule. Yote huweza kupatikana bila kulipa mtu, nyuma ya picha, ndani ya kitabu cha kazi, au kwenye bahasha ya pensheni ambayo bibi aliihifadhi na nguo zake. Buyenzi ni mtaa wa Waswahili tangu ukoloni, wenye familia zilizotoka Ujiji, Manyema na pande nyingine za ziwa, na barabara zake zina namba. Wapo wazee wanaokumbuka nani aliishi barabara ya ngapi, na alikuwa dereva au karani wa nani. Kama babu aliajiriwa baada ya 1956, mwaka ambao sheria ya pensheni ya wafanyakazi wa Kongo ya Ubelgiji na Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) ilitungwa, nenda pia INSS, shirika la pensheni la Burundi, na ile matrikule mkononi.

Hatua inayofuata ni kujua nani alikuwa anatawala. Wajerumani waliondolewa Usumbura mwaka 1916. Mafaili ya wizara yao ya makoloni yapo katika hifadhi ya taifa ya Ujerumani, Berlin, na fungu kubwa liitwalo R 1001 limeshapigwa picha na linasomwa bure kwenye intaneti. Gharama yake ni lugha: ule mwandiko wa zamani unahitaji msomaji aliyeuzoea, na huyo atataka malipo kwa ukurasa. Kwa babu aliyekuwa askari wa Mjerumani, tahadhari. Hifadhi ya jeshi la Prussia pale Potsdam iliteketea kwa mabomu Aprili 1945. Mtu akikuomba fedha akalete faili la askari kutoka huko, usimpe hata senti.

Baada ya Wajerumani walikuja Wabelgiji, na hapo wengi hupotezea fedha kwenye kasha lisilo lao. Sheria ya 1925 iliiunganisha Ruanda-Urundi na Kongo ya Ubelgiji kiutawala, na askari waliokaa kambi za Usumbura walikuwa wa Force Publique, jeshi la Kongo. Mjukuu wa askari huyo akiagiza mafaili ya Ruanda-Urundi peke yake, amelipia nusu ya jibu. Mafaili binafsi ya watumishi wa koloni yaliyoko Brussels ni ya Wazungu hasa. Karani Mwafrika hutokea kwenye ripoti za teritwari, kwenye orodha za mishahara, na pengine kwenye gazeti rasmi la Ruanda-Urundi lililoanza 1924.

Msomi wa shule ya Astrida ana njia fupi zaidi. Shule ile ilianzishwa 1929 na Mabruda wa Upendo, ikatoa makarani, waganga wasaidizi, watumishi wa kilimo na wa mifugo kwa Ruanda na Urundi. Leo Astrida ni Huye, ndani ya Rwanda, na Burundi ilifunga mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Barua kwa shirika la mabruda ndiyo ya kutangulia kabla ya kupanga safari.

Kuna gharama isiyolipwa kwa faranga. Mwaka 1972, nchini Burundi, walimu, makarani, wauguzi, askari na wanafunzi Wahutu walikamatwa makazini na mashuleni, na wengi hawakurudi. Kazi yenyewe ndiyo iliyowafanya watafutwe. Ukimwendea bibi wa familia kama hiyo na daftari, unamwomba afungue siku ile. Muulize babu alijifunza kazi wapi, alivaa nini akienda ofisini, rafiki zake kazini walikuwa akina nani. Akinyamaza, ondoka na urudi siku nyingine, hata kama utafiti wote unasimama. Hakuna faili lenye thamani ya kumuumiza mtu aliyebaki.

Brussels ije mwisho, nayo ianze kwa barua: uliza namba ya faili na bei ya nakala. Ada ya viza ya Schengen ni euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na ukinyimwa hairudishwi. Kabla ya kuitoa, pata bei ya kurasa unazozihitaji. Usilipe peke yako. Orodha ya mishahara ya bandari, ya gereji au ya hospitali ina majina ya watu wengi, na wajukuu wao wengine wapo mitaa ya Buyenzi na Bwiza hadi leo. Familia kumi zikichanga, nakala moja inawatosha wote, na kila nyumba itajazia majina ambayo wengine hawayajui.