Suluhu ya Arusha ya Mwaka 1967: Maneno na Mpaka katika Ugomvi wa Kenya na Somalia

Wachunguzi wa lugha aghalabu hupita mbali na mikataba ya serikali, wakiona kwamba hayo ni mambo ya wanasheria na wanasiasa. Walakini mkataba haujengwi kwa kitu kingine ila maneno, na mara nyingine neno moja hutosha kuzuia vita au kuvirefusha. Katika makala haya nataka kueleza jinsi ugomvi wa mpaka baina ya Kenya na Somalia ulivyotulizwa kwa jitihada za nchi jirani mwezi wa Oktoba 1967, mjini Arusha. Pamoja na hayo nitayapima maneno machache ya Kiswahili, maana bila kuyapima si rahisi kufahamu ni kitu gani hasa kilichopatikana Arusha, na ni kitu gani kilichoachwa nje ya mlango.

Kwanza yafaa tuukumbuke mpaka wenyewe. Mwaka 1924 Uingereza ilikubali kuitoa nchi ya Juba kwa Italia, pamoja na mji wa Kismayu, na mwaka uliofuata mpaka ukasogezwa upande wa magharibi. Wafugaji wa ngamia hawakuulizwa. Mvua ikinyesha upande huu walihamia huku, ikinyesha upande ule walikwenda kule, na mstari uliochorwa Ulaya haukuwa na maana kwao ila pale walipokutana na askari. Pwani nako mstari uliwapitia Wabajuni katikati, hata ndugu wa Kismayu na ndugu wa Kiunga wakawa raia wa dola mbalimbali, ilhali lugha yao ni moja na mashua zao ni zile zile.

Somalia ilipopata uhuru tarehe 1 Julai 1960, nchi mbili ziliungana, ile iliyotawaliwa na Uingereza na ile iliyokuwa chini ya Italia. Katiba yake ilitaja nia ya kuziunganisha nchi zote za Wasomali kwa njia za sheria na za amani, na nyota ya bendera yake ilipewa ncha tano, mojawapo ikiwa ni ya Wasomali wa Kenya ya Kaskazini. Mwaka 1962 tume iliyotumwa na Serikali ya Uingereza ilikwenda huko kusikiliza maoni ya watu, ikaona kwamba Wasomali, karibu wote, walitaka kujitenga na Kenya. Hata hivyo mwezi wa Machi 1963 Uingereza iliamua kuifanya sehemu hiyo kuwa jimbo mojawapo la Kenya, na Somalia ikavunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza. Mazungumzo ya Roma ya mwezi wa Agosti mwaka huo hayakuzaa kitu. Kenya ikapata uhuru tarehe 12 Desemba. Kabla ya wiki mbili kupita, yaani tarehe 25 Desemba, ikatangaza hali ya hatari katika Jimbo la Kaskazini-Mashariki.

Hapo ndipo liliposhika nguvu neno shifta. Kwa asili si neno la Kiswahili, wala si la Kisomali. Limetoka katika Kiamhara, na maana yake ni mtu aliyeasi sheria akaingia maporini. Lakini huko Uhabeshi neno hilo lina nyuso mbili. Humtaja mnyang'anyi wa njiani. Tena humtaja mkuu aliyedhulumiwa akamwasi bwana wake, na uasi wake waweza kumpa heshima. Kassa wa Qwara, aliyetawazwa mwaka 1855 kwa jina la Tewodros, alikuwa shifta kabla ya kuwa mfalme wa wafalme. Neno lilipoingia katika Kiswahili cha Kenya liliacha uso mmoja nyuma. Shifta akawa jambazi tu, na wingi wake, mashifta, ukatumika kwa watu ambao redio ya upande wa pili iliwaita wapigania uhuru.

Matokeo ya jina hili yalikuwa mawili, na la pili halikutazamiwa. La kwanza ni kwamba aliyeitwa shifta hakuwa na haki ya kuketi mezani, kwa kuwa serikali haifanyi mapatano na jambazi. La pili ni hili: kwa kuwa mapigano yaliitwa ujambazi na hayakuitwa vita, Kenya na Somalia hazikuwa zimetangaziana vita hata siku moja. Basi ulipofika wakati wa kuyamaliza hapakuwa na haja ya mmoja kukiri kwamba ameshindwa. Jina lile lile lililowafungia watu mlango liliziachia serikali dirisha.

Majaribio ya mwanzo ya kusuluhisha yalishindwa. Mwezi wa Februari 1964 mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika walikutana Dar es Salaam wakazisihi Kenya, Somalia na Uhabeshi zizungumze. Mwezi wa Julai mwaka huo, huko Kairo, wakuu wa nchi waliazimia kwamba kila nchi iiheshimu mipaka iliyokuwapo siku ya uhuru. Somalia ikakataa kufungwa na azimio hilo. Mwezi wa Desemba 1965 Rais Nyerere aliwakutanisha Rais Kenyatta na Rais Aden Abdulle Osman mjini Arusha, nao wakaachana bila kukubaliana. Sababu yake haikufichika. Kenya ilitaka kwanza Somalia iache madai yake ya ardhi, na Somalia ilitaka kwanza haki ya watu kujiamulia mambo yao izungumzwe. Kila mmoja alitaka mwenzake aanze na lile ambalo lingekuwa mwisho wa shauri.

Mwaka 1967 mambo yalibadilika. Abdirashid Ali Shermarke alichaguliwa kuwa Rais wa Somalia, naye akamweka Mohamed Haji Ibrahim Egal kuwa Waziri Mkuu. Mfereji wa Suez ulikuwa umefungwa tangu mwezi wa Juni, na ndizi za Somalia zilizokuwa zikipelekwa Italia zikapata njia ndefu na ya gharama. Kenya nayo ilikuwa imechoka na gharama ya majeshi, na mabomu ya kutegwa barabarani yalikuwa yakiwaua askari na wasafiri. Mwezi wa Septemba, katika mkutano wa wakuu wa Afrika huko Kinshasa, Rais Kaunda wa Zambia aliingia kati. Zambia haikupakana na Kenya wala na Somalia, na kwa hiyo haikushukiwa kuwa na tamaa yake. Hapo likatolewa tangazo kwamba nchi hizo mbili zitaheshimiana mamlaka na mipaka kwa roho ya Mkataba wa Umoja, zitalinda amani pande zote mbili za mpaka, na zitaacha kutukanana katika redio na magazeti.

Tarehe 28 Oktoba walikutana Arusha, Rais Nyerere akiwa mwenyeji na Rais Kaunda akiwa msuluhishi. Hati iliyotiwa sahihi ilikuwa fupi. Iliahidi ujirani mwema. Ikathibitisha tangazo la Kinshasa. Ikataka sheria za hali ya hatari zilegezwe kidogo kidogo, uhusiano wa kibalozi urudishwe, na biashara ifikiriwe. Tena ikaunda kamati ya Kenya, Somalia na Zambia, itakayokutana mara kwa mara kutafuta njia ya kumaliza tofauti kubwa na ndogo baina ya nchi hizo.

Kwa maoni yangu ufundi wote wa hati hii umo katika maneno hayo ya mwisho. Kenya ilisoma mamlaka na mipaka, ikaridhika kwamba ardhi yake imekubaliwa. Egal alirudi Mogadishu akiwa ameshika tofauti kubwa na ndogo, akaweza kuwaambia waliomlaumu, nao walikuwa wengi, kwamba shauri kubwa halijafungwa bali limepewa kamati. Bunge likamwunga mkono. Wako watakaosema kwamba huo ni ujanja wa kuandika. Mimi naona si ujanja, maana kila upande ulijua vema mwenzake atasoma nini.

Kiswahili kina maneno matatu kwa mtu anayeingia kati ya wagomvi, nayo hutumiwa ovyo kana kwamba ni mamoja. Mwamuzi huamua: hutenganisha, au husema nani mwenye haki. Kaunda hakuwa mwamuzi, wala hakuna aliyempa mamlaka hayo. Msuluhishi hutafuta suluhu, neno lenye asili ya Kiarabu, na watazamaji wa mpira hulijua vizuri, kwani timu zikitoka suluhu hapana aliyeshinda wala aliyeshindwa, na mchezo umekwisha. Mpatanishi ana kazi nyingine, kwa maana kitenzi patana hutaka watu wenyewe wafikiane, kama mnunuzi na mwuzaji wanavyopatana bei. Kwa kipimo hiki lililofanyika Arusha ni suluhu, na suluhu nzuri. Upatanisho ungalitaka watu wa Garissa, Wajir na Mandera wawepo, nao hawakuwapo.

Kama suluhu baina ya serikali, ilidumu kuliko walioitia sahihi. Mwaka 1968 uhusiano wa kibalozi na biashara vilirudi. Shermarke aliuawa mwezi wa Oktoba 1969, na siku chache baadaye jeshi likaipindua Serikali ya Egal. Hata hivyo watawala wapya walipoingia vitani mwaka 1977 walikwenda Ogaden, si Kenya, na mwaka 1981 Siad Barre alitamka wazi kwamba nchi yake haidai ardhi ya Kenya.

Kwa watu wa jimboni hesabu ni nyingine. Lile sharti la kulegeza hali ya hatari kidogo kidogo lilikuwa kidogo mno: sheria zake hazikufutwa mpaka mwaka 1991, miaka 24 baada ya Arusha. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa Serikali wasishtakiwe kwa matendo yao huko tangu tarehe 25 Desemba 1963 hata tarehe 1 Desemba 1967.

Wabajuni nao, ambao hawakudai kujitenga kwa bunduki wala hawakutajwa katika hati, vijiji vyao vingi vya bara kaskazini ya Lamu, kuelekea Kiunga na Ishakani, vilihamwa kwa hofu ya mapigano, na wengi wa waliokimbia hawakurudi. Kwa hiyo mchunguzi anayetaka kusikia Kitikuu cha vijiji vile leo hana budi kuwafuata wasemaji wake, na watoto wa wasemaji hao, Lamu, Malindi na Mombasa.